Mzigo wa Kichakataji

Feni ya kompyuta ilianza kulia kabla Sekela hajamaliza kuvua koti la mvua. Ilivuma kama mashine ya kukoboa mpunga inayozunguka tupu.

Aliitazama kwa mashaka. Ilikuwa kompyuta mpakato mpya kabisa, imetoka kwenye boksi wiki hiyohiyo, na kioo bado kilikuwa na utando wa nailoni ambao hakupata muda wa kuubandua. Ile ya zamani, kizee kilichong'oka vitufe, iliuawa na radi iliyopiga mnara wa bwawa. Hii mpya ilisifiwa kasi mpaka watu wakachoka kusikia. Leo Sekela Mwambije, mhandisi wa maji wa Bwawa la Masukila, alikuwa ameituma kazi moja tu, nayo ilijikokota kama konokono.

Chumba cha udhibiti kilijengwa juu ya tuta. Dirisha moja liliangalia maji ya bwawa, mekundu ya udongo, yakija na migomba mizima iliyong'olewa huko juu Rungwe. La pili liliangalia chini, bonde la Kyela, mashamba ya mpunga na mabati yaliyolowa. Tangu Jumapili mvua haikuwa imepumzika hata kidogo.

"Injinia, maji yamefika mstari wa njano," alisema Gwakisa, mwendesha malango, mtu mpana asiyependa maneno mengi. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye usukani wa lango la kwanza.

"Nayaona, kaka."

"Tufungue?"

"Bado. Wako darajani."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Tangu alfajiri polisi na watendaji wa kata walikuwa wakiwahamisha wakazi wa kando ya mto kwenda ng'ambo, kwenye kilima cha shule, na njia ilikuwa moja: daraja la chini. Malango yakifunguliwa mapema, maji yangelifikia daraja likiwa limejaa watu na mbuzi na magodoro. Yakicheleweshwa, maji yangepanda juu ya tuta. Na tuta la udongo likishapandwa na maji huliwa kama sukari ndani ya chai. Kati ya makosa hayo mawili palikuwa na nafasi nyembamba, na ni modeli ya mafuriko tu, ile hesabu iliyokuwa ikikokotolewa na kompyuta, iliyoweza kusema nafasi hiyo iko wapi: lango lipi, kwa upana gani, saa ngapi.

Modeli ilikuwa imefika asilimia nne. Kile kizee kilichokufa kingekuwa kimeshamaliza.

Sekela alivuta kiti. Alifunga kila kitu kilichokuwa wazi. Haikusaidia. Aliangalia mpangilio wa umeme, huenda mashine ilikuwa imewekwa kwenye kubana matumizi. Akakuta imeachiwa nguvu zote. Alipapasa tumbo la kompyuta, akaondoa mkono haraka kwa moto. Akaiinua, akaiegemeza juu ya vikombe viwili vya chai ipate hewa chini yake. Feni ikazidi kulia. Akatafuta virusi, akaambiwa hakuna. Asilimia tano.

"Hebu nione nani anakula humu," alinong'ona.

Akafungua dirisha linaloonyesha kazi zote zinazoendelea ndani ya mashine. Kichakataji, ubongo wa mashine, kilikuwa kinatumika karibu chote, kimebanwa mpaka kooni. Modeli yake ilikuwa imepewa makombo. Kilichobaki chote kilikuwa mikononi mwa kazi moja ambayo hakuwahi kuiona: *Ushirika, Kivuko cha Saba.*

Alibofya kuifunga. Mashine ikamuuliza nenosiri, akaliandika kwa vidole vilivyokuwa vikitetemeka kidogo. Feni ikanyamaza ghafla. Modeli ikaruka hadi tisa, kumi, kumi na moja. Sekela akashusha pumzi.

Kisha feni ikalia tena, kwa nguvu kuliko mwanzo, na katikati ya kioo yakatokea maandishi meupe:

*Kazi hii inabeba uhai. Tafadhali usiifunge. Unapigiwa simu.*

Na simu ikaita.

*

"Wewe ni nani? Umefanya nini?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, anahema kama aliyekuwa akikimbia. "Mgonjwa wangu amekata pumzi! Umegusa nini?"

"Naitwa Sekela. Niko bwawani Masukila. Nimefunga programu iliyokuwa inazuia—"

"Usiiguse tena. Nakuomba, dada yangu, usiiguse."

Aliitwa Atupele, muuguzi wa zamu katika hospitali moja ya Tukuyu, huko juu mlimani. Alieleza huku akivuta pumzi, na Sekela alisikiliza jicho lake likiwa kwenye mstari wa maji.

Kivuko Sekela alikijua kwa kusikia tu. Mtu akipigwa na kiharusi, sehemu ya ubongo ikafa, madaktari humpandikizia uzi mwembamba kuliko unywele unaovusha ishara kutoka upande ulio mzima hadi mwingine. Lakini uzi wenyewe haufikiri. Hesabu za kazi iliyofanywa zamani na ule ubongo uliokufa, kuvuta hewa, kutafuta neno, kukumbuka uso wa mtu, hufanywa nje, na mashine za watu.

Na mashine za watu zilikuwa ndizo hizi. Kila aliyenunua kompyuta kwa bei nafuu ya Ushirika alikuwa mwanaushirika, apende asipende; aliahidi kutoa sehemu ndogo ya kichakataji chake. Sekela naye alikuwa amekubali, kama wote, bila kusoma. Siku za kawaida mgonjwa mmoja alisambazwa kwenye mamia ya mashine kama chumvi kwenye sufuria kubwa, hakuna aliyehisi ladha yake.

"Umeme umekatika kuanzia Mbeya mpaka kwenu," alisema Atupele. "Mashine zimezimika moja baada ya nyingine. Na kivuko hakiwezi kutumia mashine za mbali, pumzi haisubiri ishara izunguke hadi Dodoma na kurudi. Kinahamia iliyo karibu yenye umeme."

"Na sisi tuna umeme wetu wa maporomoko."

"Wewe ndiye uliyebaki. Mashine hiyo, dada, imempakata mtu mzima."

Sekela alitazama kompyuta juu ya vikombe vyake viwili. Alihisi joto lake usoni.

"Hospitali haina mashine zake?"

"Zipo mbili. Kila moja ina mgonjwa. Na jenereta yetu inakohoa."

"Atupele, nisikilize. Huku chini kuna watu darajani. Bila modeli hii sijui nifungue malango saa ngapi. Nikikosea wanakufa."

Muuguzi akasema, kwa sauti ya chini zaidi, "Hakuna namna mkagawana?"

Sekela alijaribu. Aliingia ndani ya mpangilio, akaweka kikomo: nusu kwa modeli, nusu kwa kivuko. Modeli ikajivuta hadi kumi na tano. Kwenye simu akasikia kengele ya mashine ya hospitali ikilia, kitu kikidondoka, na Atupele akipiga kelele, "Rudisha! Rudisha, kifua hakipandi!" Akarudisha. Kengele ikanyamaza.

"Injinia," aliita Gwakisa dirishani. Hakugeuka. "Mstari wa njano sasa uko chini ya maji."

Redio ya mezani ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Ndimbo, mkurugenzi wa mamlaka ya bwawa, akiwa darajani na koti la mvua na kipaza sauti. "Sekela! Nipe saa ya kufungua. Watu hawajafika hata nusu. Niwazuie au niwakimbize? Niwaambie nini?"

"Nipe muda kidogo, mkurugenzi."

"Muda unautoa wapi?"

Alirudi kwenye simu.

"Atupele, ukimpumulisha kwa mfuko wa mkono, anaweza kuishi bila kivuko?"

"Kuishi ataishi, tukiwa wawili wa kupokezana. Mwili utaishi. Lakini kivuko kikikatika zaidi ya muda mfupi, yale aliyojifunza yanafumuka. Ni kama mkeka usiofungwa ukingo. Maneno, majina, watu wake. Daktari alituambia: ukifumuka, hausukwi tena."

"Ni nani huyo?"

"Mwalimu Ambokile Mwasomola. Alifundisha shule ya msingi huko bondeni, miaka mingi. Anaongea, dada. Sasa hivi yuko macho, anasikia kila kitu."

Sekela alifumba macho. Kama mtu huyo angekuwa amelala, asiyejitambua, ingekuwa rahisi zaidi. Na mara alipowaza hivyo alijichukia.

"Niwekee simu sikioni mwake," alisema. "Kisha nenda kalete huo mfuko, na mtu wa kukusaidia."

"Unataka kumwambia nini?"

"Nataka kumuuliza."

Akasikia viatu vya muuguzi vikikimbia, vikififia. Kisha pumzi, nzito, yenye mpangilio. Kila ilipopanda, feni ya kompyuta ilipanda nayo. Sekela aliligundua hilo na nywele za mikono zikamsimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Sauti ilikuwa ya polepole, kila neno likitua mahali pake kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Nimesikia. Muuguzi anapaza sauti sana."

"Basi unajua ninachotaka kukuomba."

"Ninajua."

Alisubiri. Kwa kweli alikuwa na hakika. Huyu alikuwa mwalimu, mzee wa watu, aliyelea watoto wa bonde lile. Sekela alikuwa ameshaandaa maneno ya shukrani, yalikuwa mdomoni.

"Hapana," alisema Mwalimu Ambokile.

"Mwalimu—"

"Hapana, mama. Sitaki. Mke wangu alikwenda Mbeya, barabara ikakatika, amekwama huko. Anarudi. Nimemwahidi atanikuta." Pumzi ikapanda, ikashuka. "Mwaka mzima nimejifunza jina lake. Mwaka mzima. Kila siku ananiambia, mimi ninasahau, ananiambia tena bila kuchoka. Sasa ninalijua. Usiliondoe."

"Kuna watu darajani, mwalimu. Kuna watoto."

"Najua wako. Nusu yao nimewafundisha, au nimewafundisha wazazi wao. Ninawaonea huruma. Lakini umeniuliza, nami ninakujibu. Sitaki."

Yale maneno ya shukrani yalikauka kinywani mwa Sekela.

"Utazima tu," alisema mwalimu. "Sivyo?"

Mvua ilipiga bati. Gwakisa sasa alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi kwa nini uliniuliza?"

Alitafuta jibu, jibu lolote la mtu mwenye adabu. Lililokuja lilikuwa la kweli na lilimwaibisha: alimuuliza ili wawe wawili waliofanya, asiwe peke yake. Hakulitamka. Alisema, "Nisamehe."

"Hapana," alisema tena mwalimu, bila hasira, kama anayesahihisha daftari.

Viatu vya muuguzi vilirudi vikikimbia, na vingine pamoja navyo. "Tuko tayari," alisema Atupele. "Amekubali?"

Sekela alibofya. Aliandika nenosiri. Safari hii vidole vyake havikutetemeka, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

Feni ikanyamaza.

*

Kwa kasi ile iliyosifiwa, modeli ilikimbia. Ishirini, arobaini, sabini. Kwenye simu iliyolala mezani Sekela alisikia muuguzi akihesabu kwa ajili ya mfuko, "Minya, achia. Minya, achia," na hakuweza kuikata wala kuisogeza.

Jibu lilipotoka alilisoma mara mbili kwa sauti ili asikosee. Lango la pili na la tatu, robo tu, sasa hivi. La kwanza lisiguswe mpaka daraja liwe tupu. Maji ya robo lango yangepita chini ya daraja, yangelilamba lakini yasingelichukua, na tuta lingepumua kiasi cha kutosha.

"La pili na la tatu, robo!" alipiga kelele, na Gwakisa alikuwa tayari amelala juu ya usukani kwa uzito wake wote.

"Mkurugenzi, wavushe! Watembee, wasikimbie. Daraja litastahimili. Mtu wa mwisho akivuka niambie."

Tuta lote lilitetemeka maji yalipotoka. Bonde likajaa ngurumo. Sekela hakungoja kuona. Mikono yake ilikuwa imerudi kwenye kompyuta, inakitafuta Kivuko cha Saba, inakiita kirudi. Maandishi meupe yakatokea: *Kinatafuta mgonjwa.* Yakakaa. Yakaendelea kukaa. Aliiinamia mashine ile kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi. Hatimaye feni ilianza kuvuma, kidogo, kisha kwa nguvu, kisha ikalia vilevile kama mwanzo.

"Anapumua mwenyewe," alisema Atupele kwenye simu. Alikuwa analia.

"Ameongea?"

"Anaangalia dari," alisema. "Nimemwita. Anaangalia dari tu."

Redioni, Ndimbo alikuwa akipaza sauti kwamba daraja ni tupu, wamevuka wote, hata mbuzi wamevuka. Gwakisa alifungua lango la kwanza. Kazi ilipokwisha alikuja akasimama nyuma ya kiti cha Sekela, akaweka kiganja chake kipana begani mwake. Maji yalichukua mashamba, yakachukua nyumba kadhaa na ghala la kokoa. Mtu hakuchukuliwa hata mmoja.

*

Barabara ilipofunguliwa, hadithi ilikuwa imeshatangulia. Ndimbo aliisimulia redioni, kisha kwenye televisheni: mwalimu mstaafu, kitandani, aliulizwa kama atatoa akili yake kuwaokoa wanafunzi wake, akasema ndiyo. Watu walilia. Shule ya kilimani ilitaka kubadilisha jina iitwe jina lake, na sherehe ikapangwa kufanyika Jumamosi.

"Mimi sikukwambia alikubali," Sekela alimwambia mkurugenzi kwa simu.

"Hukuniambia alikataa pia. Ukaniambia umeuliza." Ndimbo hakuwa mtu mbaya, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Sikiliza, binti. Aliyesikia ni wewe peke yako. Nani atafaidika na hapana? Mkewe amepoteza karibu kila kitu. Mwachie hili. Mwachie mume shujaa."

Maneno hayo yalikuwa na huruma ndani yake, na ndiyo maana Sekela alikaa nayo siku kadhaa. Kisha, siku ya Ijumaa, akapanda Tukuyu.

Mwalimu Ambokile alikuwa amekalishwa kwenye kiti kando ya dirisha la wodi, amefunikwa shuka mapajani. Umeme ulikuwa umerudi, mamia ya mashine yalikuwa yakimbeba tena kidogo kidogo. Alikuwa na uso mwembamba mzuri. Alimtazama Sekela jinsi mtu anavyotazama mvua. Kando yake mwanamke wa makamo, mwenye kitenge kilichopigwa pasi vizuri, alikuwa akimlisha uji kwa kijiko.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Sekela. Wa bwawani."

Kijiko kilisimama hewani. Lugano, mke wa mwalimu, alikirudisha bakulini polepole, akamfuta mumewe mdomo, ndipo akasema, "Marahaba. Nilidhani hutakuja."

"Niliogopa."

"Walikuja wengi. Mkurugenzi wako, mkuu wa shule, waandishi. Wote wananipa pole na hongera kwa pamoja." Aliukunja upindo wa kitenge, akaukunjua. "Wananiambia alikubali. Wewe ndiye uliyezungumza naye. Alisema nini?"

Sekela alikuwa amejiandaa njia nzima. Akashika ukingo wa kitanda.

"Alisema hapana."

Lugano hakusogea.

"Nilimuuliza, akasema hapana. Nikamwambia kuhusu watoto, akasema anajua, na bado hataki. Alisema umekwama Mbeya, unarudi, na amekuahidi utamkuta. Alisema mwaka mzima amejifunza jina lako, nisiliondoe. Nikakizima kivuko. Nilimwomba anisamehe, akakataa. Hakutoa chochote, mama. Mimi ndiye niliyechukua."

Wodini palikuwa na mtu akikohoa mbali. Lugano aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda mrefu hakukuwa na namna ya kujua anafanya nini chini ya kile kitenge alichojifunika usoni. Alipokifunua macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umelegea, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Hapana," alisema. "Alisema hapana."

"Ndiyo, mama."

"Tangu waniambie alikubali sijalala. Ninamlisha, ninamwogesha, ninajiuliza: ni nani huyu aliyekubali kuniacha bila hata kunisubiri? Ambokile wangu? Niliyemjua mimi alikuwa mbishi. Alikuwa hagawi hata kiti chake." Alicheka kidogo, machozi yakimshuka. "Wao waliniletea mtu nisiyemjua. Wewe umeniletea mume wangu."

Sekela aliachia ukingo wa kitanda.

"Kukusamehe sijui," alisema Lugano. "Hilo usinisubirie. Ningekuwa darajani mimi na wanangu ningekushukuru, lakini sikuwa darajani."

"Najua, mama."

"Na kesho kwenye sherehe yao utasimama uwaambie alivyosema. Kwa maneno yake, usiyapambe."

"Watanichukia. Na wewe watakuangalia vibaya."

"Waangalie."

Alichukua bakuli la uji akalichungulia kama bado lina joto. Kisha akakisukuma kiti cha pili kwa mguu, kikakwaruza sakafu hadi alipokuwa amesimama Sekela.

"Keti hapo," alisema. "Anza tena mwanzo, ulipomwamkia. Nataka kusikia alivyoitikia."